Waliotufundisha Kutazama: Heshima ya Mwalimu wa Sanaa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Wakristo wa Usharika katika juma la Jubilei ya Miaka Mia Moja)



Naishukuru Kamati ya Jubilei kwa kunipa nafasi hii. Tangu Jumatatu tumesikia habari za wainjilisti wa kwanza, habari za shule na za zahanati, na jana jioni tumesikia historia ya kwaya zetu. Ni haki kabisa kuwakumbuka watumishi hao. Mimi nimeagizwa kusema juu ya watumishi wa aina nyingine, ambao katika vitabu vya kumbukumbu za sharika hutajwa kwa nadra sana. Hao ni walimu waliotumia umri wao kuwafundisha watu kuitazama kazi ya sanaa na kuithamini. Nitasema juu ya heshima waliyoipata, mahali walikoipatia, na deni ambalo sisi wenyewe hatujalilipa.

Kuthamini sanaa ni nini?

Neno hili lisitutishe. Anayejifunza kuchora hufundishwa mkono. Anayejifunza kuthamini hufundishwa jicho. Tuchukue mfano wa kwaya. Wengi wetu hatujui kusoma nota. Lakini mwalimu mwema wa kwaya akituketisha na kutuambia, "Leo msisikilize wimbo wote, fuateni sauti ya nne peke yake," tunatoka pale tukiwa tumesikia jambo lililokuwapo masikioni mwetu siku zote bila sisi kulijua. Wimbo ni ule ule. Tuliobadilika ni sisi.

Mwalimu wa kuthamini sanaa hufanya vivyo hivyo kwa picha, kwa kinyago, kwa mkeka na kwa chungu. Humsimamisha mwanafunzi mbele ya kitu kimoja na kumwuliza maswali ya kawaida kabisa. Unaona nini? Mwanga unatoka upande gani? Nani amewekwa katikati, na nani amewekwa pembeni? Kwa nini mfinyanzi ametia nakshi shingoni mwa chungu na kuliacha tumbo lake wazi? Mwanafunzi aliyedhani amekwisha kuona hutambua kwamba alikuwa amepita tu.

Kazi hii ina ugumu mmoja kwa mwenye kuifanya: haiachi kitu cha kuonyesha. Seremala huacha meza, mwashi huacha ukuta, bali mwalimu wa jicho huacha macho ndani ya watu wengine. Hakuna mtunza hazina awezaye kuyaandika katika orodha ya mali ya usharika. Ndiyo maana heshima yake huchelewa, na mara nyingine humkuta amekwisha kulala.

Bezaleli na Oholiabu

Maandiko Matakatifu hayakumsahau mwalimu huyu. Katika Kutoka sura ya 31 na ya 35 tunasoma habari za Bezaleli mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila ya Yuda, ambaye Bwana alimwita kwa jina na kumjaza Roho wa Mungu ili afanye kazi ya ustadi katika dhahabu, fedha, shaba, vito na miti. Mara nyingi tunaposoma habari hizo tunaishia hapo. Lakini katika sura ya 35, mstari wa 34, limo neno dogo ambalo ningependa kila mwalimu aliyeko hapa aende akalisome usiku huu: Mungu alitia moyoni mwa Bezaleli, na moyoni mwa Oholiabu mwenzake, nia ya kufundisha. Mungu hakutosheka na kumpata fundi mmoja hodari wa kumjengea maskani. Alitaka ustadi uwafikie wengine, na kufundisha kwenyewe akakuhesabu kuwa kipawa.

Sasa tazameni heshima ya Bezaleli. Hatusomi kwamba alipewa nishani au shamba. Lakini fungueni Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya kwanza, mstari wa 5. Mfalme Sulemani ametawazwa, naye amekwenda Gibeoni pamoja na mkutano wote kumtafuta Bwana. Mwandishi anatuambia kwamba pale, mbele ya maskani, palikuwa na madhabahu ya shaba aliyoifanya Bezaleli mwana wa Uri, mwana wa Huri. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinahesabu miaka 480 tangu Waisraeli walipotoka Misri hadi mwaka wa nne wa Sulemani. Vizazi vingapi vimepita! Madhabahu bado inatumika, na watu bado wanalijua jina la aliyeifanya, la baba yake na la babu yake. Hizo ndizo heshima mbili ambazo fundi na mwalimu wake huzihitaji: kazi iendelee kutumika, na jina litajwe karibu na kazi. Naomba tuzishike heshima hizi mbili, maana kwa kipimo hicho nitawapima wengine wote nitakaowataja, na mwishoni nitatupima sisi.

Luther na picha

Yupo atakayeuliza kama mambo haya yanawahusu Walutheri. Yanatuhusu tangu mwanzo. Martin Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wenye juhudi kule Wittenberg walianza kutaka picha na sanamu ziondolewe makanisani, na baadhi yao wakazivunja. Luther alirudi Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo. Mafundisho yake yalikuwa na kiasi. Alisema kosa liko moyoni mwa mtu anayekiabudu kitu. Ukiung'oa uabudu huo kwa Neno, picha haina nguvu ya kumdhuru mtu. Wala ngumi na shoka havimfundishi mtu imani.

Rafiki yake Lucas Cranach, mchoraji, alikuwa shahidi katika ndoa ya Luther na Katharina von Bora mwaka 1525. Madhabahu iliyotoka katika karakana ya akina Cranach iliwekwa katika kanisa la mji wa Wittenberg mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya Luther kufariki, na ipo hata leo. Sehemu ya chini ya madhabahu hiyo inamwonyesha Luther mimbarani upande mmoja, na usharika upande wa pili, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Katikati, mahali palipo wazi, yupo Kristo msulubiwa. Luther ananyosha mkono kumwelekea yeye. Mkristo asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kujifunza hapo kazi ya mahubiri ni nini: mhubiri anaonyesha, usharika unatazama, na anayetazamwa ni Kristo. Nasema kwamba kanisa letu lilizaliwa likiwa na Biblia mkono mmoja na picha mkono wa pili, likajifunza mapema kwamba picha inahitaji mwalimu.

Mtoto wa Machame

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1923 alizaliwa huko Machame mtoto aliyeitwa Sam Joseph Ntiro. Alipokua alikwenda Makerere, Uganda, ambako mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alikuwa ameanzisha mafundisho ya sanaa katika miaka ya 1930. Bibi Trowell alikuja Afrika Mashariki pamoja na mumewe, aliyekuwa daktari. Darasa lake la kwanza halikuwa na jengo. Alianzia barazani kwake. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, na mwaka uliofuata zikaonyeshwa London.

Njia yake ya kufundisha inastahili kuelezwa. Hakuwapa wanafunzi picha ya Kizungu waige. Aliwasimulia habari kwa maneno, habari ya Biblia au ya maisha ya kijijini, kisha akawaambia waifumbe ndani ya mawazo yao na kuichora kama walivyoiona wao. Aliwahimiza pia kuvitazama vyombo vya nyumbani kwao, vikapu, ngao, vibuyu na nguo za magome ya miti, kama kazi zenye fikra ndani yake. Mwaka 1953 alitoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Kweli, zipo lawama juu yake. Kwa kuogopa kwamba wanafunzi wangepotea katika kuiga, hakupenda kuwafundisha sana historia ya sanaa ya Ulaya. Cecil Todd, aliyemfuata baada ya mwaka 1958, alifungua dirisha hilo, akishikilia kwamba urithi wa sanaa wa dunia nzima ni mali ya mwanafunzi Mwafrika pia. Nadhani kila mmoja aliona upande mmoja wa kweli. Mtu atambue kwanza uzuri wa kikapu cha mama yake, kisha asizuiwe kutazama kingine chochote. Heshima ya Bibi Trowell ilikuwa ya jina: shule ya sanaa ya Makerere iliitwa kwa jina lake.

Sam Ntiro alikuwa mwanafunzi wake, kisha akawa mwalimu pale pale. Kati ya mwaka 1952 na 1955 alisoma katika shule ya Slade, London, akarudi Makerere kuendelea kufundisha. Picha zake huko ugenini zilikuwa za huku kwetu: watu wakikata miti, wakijenga, wakichuma kahawa, wakiteka maji. Katika picha za Ntiro ni nadra mtu kuwa peke yake. Watu wengi wadogo wanafanya kazi moja, katikati ya migomba na vilima, na hakuna aliyepewa ukubwa kuliko mwenzake. Anayeitazama picha ya namna hiyo bila mwalimu atasema, "Mbona hana uso?" Mwalimu atamwuliza, "Ni nani hasa anayefanya kazi hapa?" Ndipo mwanafunzi atakapoona kwamba mhusika mkuu wa picha ni kijiji kizima.

Mwaka 1956 Ntiro alichora picha ya wanaume wakimpelekea bibi arusi mbege usiku. Najua kwamba neno mbege likitajwa katika mkutano wa kanisa, watu hutazamana. Lakini kila mzee aliyeketi hapa anajua mbege ile ilisema nini. Ilisema kwamba koo mbili zinapatana. Picha hiyo iliingia mwaka 1960 katika hazina ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York, Marekani. Mwaka uliofuata, Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ilimteua Ntiro kuwa Balozi wa kwanza wa nchi yetu Uingereza. Tafakarini jambo hilo: taifa changa lilipotafuta mtu wa kulisemea London, lilimchagua mwalimu wa sanaa. Baadaye alishughulikia mambo ya utamaduni serikalini na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Ni heshima kubwa kweli. Lakini nawauliza walimu wa shule zetu za msingi na sekondari: ni watoto wangapi wa mlima huu waliowahi kuonyeshwa picha hiyo, hata katika karatasi? Jina la Ntiro limetunzwa New York, mbali na migomba aliyoichora. Kazi ipo na jina lipo. Kinachokosekana ni sisi kusimama mbele yake.

Mtoto wa Marangu

Mwaka 1932 alizaliwa Marangu Elimo Njau, akalelewa katika Ukristo wa Kilutheri. Naye alisoma Makerere katika miaka ya 1950. Mwaka 1959 alimaliza kazi ambayo wengi wetu hatujaiona, ingawa tungeweza kuifikia kwa basi. Katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati ule, kanisa lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa ajili ya imani yao katika miaka ya vita vya Mau Mau, Njau alichora ukutani picha kubwa tano za maisha ya Yesu: kuzaliwa, kubatizwa, Karamu ya mwisho, Gethsemane, na kusulubiwa. Watu wote wa picha hizo ni Waafrika, na nchi wanayoikanyaga ni nchi ya milima ya huku. Tarehe hiyo ina uzito wake. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa Kenya. Wajane na yatima wa pande zote mbili walikuwa hai, na baadhi yao waliingia katika kanisa lile. Kuwaonyesha Kristo mwenye rangi yao na nchi yao, akisumbuka usiku shambani, kulikuwa sawa na kuwahubiria bila kufungua kinywa. Ndugu zetu Waanglikana walimpa ukuta kijana wa miaka 27. Tuwashukuru kwa hilo.

Lakini Njau hakuishia kuchora. Katika miaka ya 1960 alifungua jumba la sanaa la Kibo huko kwao Marangu, na mwaka 1965, pamoja na marafiki wenzake, alianzisha Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa. Sisi wenye lugha hii tunaweza kulifurahia jina hilo kuliko wageni. Paa ni mnyama, na wachongaji wamemchonga mara elfu nyingi kwa ajili ya watalii, kila mmoja akimwiga mwenzake hadi mnyama akafa ndani ya mti. Kupaa ni kuinuka juu. Njau alimchukua yule yule paa aliyechoshwa na masoko na kumwamuru ainuke. Wanafunzi wake wamelikariri neno lake moja, kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Maana yake ni ya kiimani kabisa. Mungu Muumba hajaacha kuumba, naye anapenda kuumba kwa mikono yetu. Anayenakili tu anasema kwa matendo kwamba Mungu amemaliza.

Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Paa ya Paa pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo. Kwa mtu anayepima heshima kwa vitu, hapo ndipo hesabu ingefungwa. Kituo hakikufungwa. Kiliinuka tena na kuendelea kuwapokea watu, kwa sababu mafundisho yalikuwa yamehifadhiwa mahali ambapo moto haufiki, yaani ndani ya watu.

Mwalimu aliyestaafu

Mmoja wa watu hao nitamtaja, maana habari zake zinanigusa kuliko zote. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Kenya mwaka 1928, alisoma sanaa Makerere kuanzia mwaka 1950 hadi 1952, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kufanya hivyo. Kisha akaenda kufundisha shuleni. Alifundisha miaka mingi, akalea watoto wake, na ulimwengu wa sanaa haukumjua. Katika miaka ya 1980, alipokwisha kustaafu, Paa ya Paa ilimpa nafasi ya kufanyia kazi. Rangi zilikuwa ghali. Akachukua karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akazichana vipande vidogo vidogo na kuvibandika hadi vikawa kuku, wanawake njiani, na wanyama chini ya miti. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum, Harlem, New York, katika maonyesho ya wasanii wa Afrika, naye alikuwa mwanamke pekee kati yao. Alikuwa na umri wa miaka 62. Alifariki mwaka 2021 akiwa amepita miaka 90.

Watu husema kwamba Mama Karuga alianza sanaa baada ya kustaafu. Mimi nasema hakuianza wakati huo. Mtu aliyewafundisha watoto kutazama kwa miaka thelathini alikuwa akijifunza kutazama kila siku pamoja nao. Kwa macho hayo aliweza kuona rangi ya manyoya ya kuku katika mfuko wa unga uliotupwa. Heshima ya Harlem ilikuwa mavuno ya ubao na chaki.

Sisi wa usharika huu

Sasa nifike nyumbani hasa. Wote tunajua kwamba ukarabati wa kanisa letu kwa ajili ya Jubilei umefika kwenye madhabahu. Lipo pendekezo la kuiondoa madhabahu ya zamani ya mringaringa na kuweka mpya ya vigae. Wanaolitoa ni watu wanaolipenda kanisa, na wametoa fedha zao, siwanung'unikii. Naomba tu kwamba kabla Baraza la Wazee halijakata shauri, tufanye jambo ambalo walimu niliowataja wangetufanyisha. Twende tukaitazame.

Nimeitazama juma hili kwa muda mrefu. Ubao wa mbele una mzabibu uliochongwa, lakini mchongaji wake, kwa maoni yangu, hakuwa amewahi kuuona mzabibu. Majani yake ni mapana na yameinama kama majani ya mgomba yakipigwa na mvua, na vichala vyake vimejipanga kama mkungu. Alisikia maneno ya Bwana katika Yohana sura ya 15, akayafumba ndani ya mawazo yake, akayachonga kwa mmea alioujua. Hakuwa amesoma Makerere. Huenda hakuwa amesoma popote. Lakini alifanya kwa patasi kile ambacho Njau alikifanya kwa rangi kule Murang'a. Upande wa kushoto mbao zimelika kwa kuguswa na mikono ya watu wanaopiga magoti kupokea Meza ya Bwana. Hicho nacho ni kichongo, na waliokichonga ni babu na bibi zetu.

Fundi huyu hatumjui jina. Nimepekua vitabu vya usharika pamoja na karani wetu. Bei ya mbao imeandikwa. Jina la fundi halikuandikwa. Bezaleli alikumbukwa miaka 480 pamoja na baba yake na babu yake. Fundi wetu tumemsahau ndani ya miaka mia moja, na sasa tuko karibu kuitoa na kazi yenyewe. Heshima zote mbili nilizozitaja, ya kazi na ya jina, tungekuwa tumemnyima.

Kwa hiyo nina maombi matatu mbele ya usharika.

La kwanza, madhabahu ile isitoke kanisani. Kama vigae vinatakiwa, viwekwe sakafuni. Kama imeliwa na mchwa, wapo maseremala miongoni mwetu wawezao kuitengeneza bila kuifuta sura yake.

La pili, wazee wetu na bibi zetu watusaidie kupata majina. Nani alichonga madhabahu? Nani alifuma mkeka wa kwanza wa kanisa? Nani alitarizi vitambaa vya mimbara? Nani aliwafundisha kazi hizo? Karani atakaa ofisini kila siku baada ya ibada ya asubuhi hadi juma lijalo. Jina hata moja likipatikana, liandikwe katika kitabu hiki cha Jubilei karibu na majina ya wachungaji, maana Roho aliyewajaza ni mmoja.

La tatu, nalo ndilo kubwa, tuwe na walimu wa kutazama. Sidai jengo wala fungu la bajeti. Naomba dakika kumi na tano za Shule ya Jumapili, mara moja kwa mwezi. Watoto wasimame mbele ya kitu kimoja: madhabahu yetu, au kikapu cha sadaka, au nakala ya picha ya Ntiro, ya Njau, ya Cranach, au hata ile picha ya Yesu mwenye nywele za dhahabu iliyo katika kalenda za nyumba zetu nyingi. Mwalimu asihubiri. Aulize: Mnaona nini? Nani yuko katikati? Aliyefanya kazi hii alikuwa anatazama nini? Kisha anyamaze, awape nafasi. Vijana wetu leo wanapitisha picha mia katika simu kabla ya chai ya asubuhi. Mtoto aliyezoezwa kutazama kitu kimoja kwa robo saa atakuwa na silaha ambayo wengi hawana. Atajua pia kumtazama mgonjwa anapomtembelea, na kumwona jirani yake anayepita njiani.

Kuna dada zetu wawili na ndugu yetu mmoja hapa waliofundisha masomo ya kazi za mikono na sanaa katika shule za serikali hadi walipostaafu. Sitawataja majina, maana wangeona haya. Wao wanajua walivyofundisha bila karatasi za kutosha, somo likihesabiwa kuwa la kupumzikia. Hawakupata nishani. Nawaomba wao wawe wa kwanza kusimama mbele ya watoto wetu, kama watakubali. Sidhani kama tuna heshima nyingine ya kuwapa ambayo wataifurahia zaidi ya hiyo ya kupewa tena wanafunzi.

Ndugu zangu, miaka mia moja ijayo wajukuu wa wajukuu zetu watakusanyika mahali hapa. Hawatatujua kwa sauti wala kwa sura. Watakuta kazi tulizoziacha na majina tuliyoyaandika, kama tuliyaandika. Bwana aliyemwita Bezaleli kwa jina lake, na kumtia moyoni nia ya kufundisha, awabariki walimu wote wa usharika huu, waliolala na walio hai, na atufumbue macho.